Upau wa Chini ya Kiti

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kigoda cha chuma kilivunjika chini ya Omanga katika karakana ya Mokaya, Suna.

Omanga aliuza saruji na misumari, duka la pili kutoka hapo. Alikuwa mtu wa mwili, na kila asubuhi alikuja na kikombe chake cha chai akae pale ambapo wenzake wanafanya kazi. Alianguka kwa makalio, chai ikammwagikia kifuani, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama barabarani kujua kama kuna aliyeona. Walikuwa wameona wote, kuanzia mama wa mandazi hadi vijana wa bodaboda.

"Fundi," alisema akiwa bado chini, "ulitengeneza kigoda ama mtego?"

"Lawama ni ya huo mwili," Mokaya alijibu. "Usinisingizie."

"Kwani nimenenepa tangu jana?"

Mokaya alicheka pamoja na wengine. Aliinama akaokota mguu wa kigoda uliotoka, akaugeuza kwenye mwanga, na kicheko kikamkauka.

Mguu haukuwa umepinda wala kupasuka. Ulikuwa umebanduka. Mshono mzima ulitoka kama gamba la kidonda kilichopona, na pale ulipokuwa umekaa, chuma kilikuwa kisafi. Hata mikwaruzo ya kiwandani ilikuwa bado ipo. Bomba halikuwa limeyeyuka hata kidogo. Mshono ulikuwa umelala juu yake tu, kama uji uliomwagika mezani ukakauka.

Alikibana kigoda kwenye jiriwa akaupiga mguu wa pili nyundo moja. Ulitoka. Wa tatu ukatoka vilevile. Wa nne ulipinda kidogo, ukajaribu kushika, kisha nao ukabanduka.

"Sasa wanimalizia kiti changu kwa nini?" Omanga aliuliza, akipangusa chai.

Mokaya alijua mabomba yale yalitoka wapi. Yalikuwa mabaki ya upau mmoja, na upau huo aliuchomelea alasiri ileile aliyotengeneza kigoda, kwa mashine ileile, kipimo kilekile cha umeme, waya uleule. Upau huo sasa ulikuwa umekingama chini ya kiti cha mbele cha gari lake, ukikibeba. Juu ya kiti hicho alikuwa ameketi mama mkwe wake, na gari lilikuwa limeondoka nusu saa kabla, kwenda Homa Bay.

*

Watu wa Suna waliliita gari hilo Kitanda, kwa sababu kwa miezi mingi lilikuwa fremu tupu ya mabomba ya mraba, imelala mbele ya karakana kama kitanda kisicho na godoro. Injini, magurudumu na usukani vilitoka kwenye gari dogo lililogongwa na kutupwa. Vingine vyote Mokaya alivikata na kuviunganisha kwa mkono wake.

Hakulitengeneza kwa ajili ya kujionyesha. Mama mkwe wake, Truphena, alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na daktari akasema maneno ambayo familia yote iliyashika: akianguka tena, hatatembea tena. Baada ya hospitali aliletwa Suna ili bintiye Nyanchama, mke wa Mokaya, amtunze. Kwa desturi ya Wakisii mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, kwa hiyo alipangishiwa chumba chake ng'ambo ya ua. Yeye na Mokaya walisalimiana kwa mbali. Hawakushikana mikono, hawakula meza moja, na maneno yao yalipitia kwa Nyanchama. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya mkwe, na wote wawili waliilinda kwa makini kuliko watu wengi wa umri wao.

Siku moja Truphena alijaribu kupanda matatu. Makanga alimwona anachelewa, akamkamata kwapani akamnyanyua kama gunia la viazi, abiria wakitazama. Aliporudi alimwambia bintiye kwamba hatabebwa tena na mwanamume yeyote mpaka siku ya jeneza.

Mokaya alipoambiwa hayo, kesho yake alianza kukata mabomba. Kiti cha abiria alikipima kwa urefu wa goti la Nyanchama, aliyesimama badala ya mama yake: chini kiasi cha mtu kuketi bila kupanda, upande wazi bila mlango, mnyororo tu wa kufunga. Mtu angeweza kuingia na kutoka bila kuguswa na yeyote.

Mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, ilikuwa ngeni kwake wakati huo. Maisha yake yote alikuwa amechomelea mageti na madirisha kwa vijiti vya chuma. Akaitumia ile mpya kama alivyotumia ya zamani. Umeme aliuweka chini, kwa sababu bomba la geti ni jembamba na hutoboka. Mkono ulikwenda mbio. Kazi ilifanyika uwanjani, ambako upepo wa alasiri ulipeperusha gesi inayopaswa kuulinda moto. Alipomaliza upau wa kiti aliufanyia jambo ambalo kila mteja wa Suna husifia: aliusugua kwa grinda hadi mshono usionekane, akaupaka rangi ya kijani. Viungo vingine vya gari hakuvisugua namna hiyo. Huu ulikuwa wa mama mkwe.

Dolphine alikuja baadaye. Alikuwa mwalimu wa ufundi wa vyuma katika chuo kimoja cha mjini, msichana ambaye Mokaya angeweza kumzaa, na alikuja kuagiza geti. Alisimama akamtazama akifanya kazi.

"Mzee, umeme wako uko chini," alisema.

"Geti zangu ziko kanisani miaka kumi, binti yangu."

"Geti ndiyo. Hili ni gari?"

"Ni gari."

"Mshono wa geti unatazamwa. Mshono wa gari unavunjwa." Aliokota vipande viwili vya bomba. "Shona hivi. Halafu uvivunje mbele yangu."

Alishona. Dolphine akabana, akapiga, kipande kikaruka hadi kwenye mtaro. Vijana wa bodaboda walishangilia kama goli limeingia, na Mokaya akahisi masikio yakimchoma. Lakini hakuwa mjinga. Alivua kofia akaomba aonyeshwe. Dolphine alipandisha umeme, akasimamisha bati kuzuia upepo, akamwambia asogeze karibu mdomo wa mashine unaotoa waya, apunguze mwendo wa mkono, na asikilize.

"Unasikia? Iwe kama omena kwenye mafuta moto. Ikiwa inatemea temea, haijashika. Na ukimaliza, achana na grinda. Nyama ya juu ndiyo nguvu, wewe unaikata."

Tangu siku hiyo Mokaya alishona, akavunja, akashona tena, hadi bomba likawa linapinda kabla ya mshono kuachia. Viungo vya fremu, vya injini, vya magurudumu, vya usukani, vyote alivifanya kwa mkono huo mpya.

"Na vile nilivyomaliza zamani?" alimwuliza Dolphine.

"Kata kimoja uone."

Kimoja tu ndicho kilichokuwa kimemalizika kabisa, upau wa kiti. Lakini kiti kilikuwa kimeshashonewa ngozi, na Truphena alikuwa amekijaribu siku iliyotangulia, akakaa, akainuka mwenyewe, na kumtuma binti yake: "Mwambie kiti ni kizuri. Mwambie nimeshukuru." Kukikata kungetaka maelezo, na maelezo yangefika kwake kupitia kwa Nyanchama. Mokaya alijiambia kwamba bibi mmoja mwembamba ni mzigo mdogo. Hakukata.

*

Mokaya alimpigia Nyanchama, aliyekuwa akiliendesha gari. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakatika.

Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Siku alipomfundisha kuendesha alimwapisha: gari likiwa linakwenda, simu ikae kwenye mkoba, mkoba ukae nyuma.

"Piga ya mama," Omanga alisema.

"Sina nambari yake."

Omanga alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Yeye pia alikuwa na mama mkwe.

Alibaki Motari, kaka yake Nyanchama, anayekaa Homa Bay, ambaye Truphena alikuwa anakwenda kukaa kwake ili awe karibu na kliniki ya nyonga. Motari alipokea simu kwa furaha.

"Shemeji! Kitanda kimefika wapi? Nimeshatandika shuka."

"Motari, mpigie mama. Mwambie amwambie dada yako asimamishe gari, hapohapo walipo."

"Kuna nini?"

"Kuna mshono siuamini."

"Huuamini leo?" Sauti ya Motari ilibadilika. "Jana ulikuwa unauamini?"

"Piga kwanza. Matusi utanipa baadaye."

"Nilisema nitaleta teksi mimi. Ukasema mama yangu hatashikwashikwa na madereva wakati wewe una mikono. Si ndivyo ulisema?"

"Ndivyo nilisema. Piga, Motari."

Mokaya alisimama na simu kiganjani. Omanga alikuwa ameacha kupangusa shati. Mama wa mandazi alikuwa ameacha kukanda. Motari aliporudi hakuwa na haraka tena, na hilo lilimwogopesha Mokaya kuliko kelele.

"Ameshika. Hasikii vizuri, upepo unampiga. Amesema nikwambie gari ni nzuri."

"Umemwambia wasimame?"

"Nimemwambia mara tatu. Akasema ndiyo, watasimama Homa Bay. Amesema tu kuna kifaranga chini ya kiti. Kinalia kila wakipita tuta. Shemeji, kuna kifaranga?"

"Hakuna."

"Basi ni nini kinalia?"

Ni chuma juu ya chuma, mahali palipopaswa kuwa chuma kimoja. Mokaya alilijua jibu hilo na hakulisema. "Mpigie tena."

"Amezima. Unamjua. Huzima kila akimaliza kuongea, ati moto wa simu usiishe."

Mokaya alikata simu. Omanga alikuwa ameshatoa funguo za pikipiki yake mfukoni.

"Chukua. Nenda peke yako. Ukinipakia mimi hatutafika Awendo."

*

Aliendesha akiwa na aproni ya kazi, nyundo imechomekwa mkandani. Hakujua alibeba nyundo ya nini.

Njiani akili yake ilifanya kazi ya ufundi hata alipoikataza. Upau una ncha mbili. Ukiachia ncha moja, kiti kitainama upande. Ukiachia ya pili, kiti kitashuka kati ya mabomba mawili marefu ya fremu, miguu ya aliyeketi ikitangulia. Gari likiwa limesimama, huko ni kuanguka chini. Gari likiwa linakwenda, chini yake kuna lami inayokimbia. Alipofika hapo aliongeza mwendo, kisha akapunguza, maana macho yalikuwa yanaona kiti badala ya barabara.

Kabla ya Awendo aliona watu wamejaa upande wa kushoto. Wengine walikuwa wakikimbia kuelekea pale, wanawake wawili wakiwa wameshika vichwa. Mokaya alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri, ikamwangukia kifundoni, akaiacha. Alisukuma watu. Alisukuma mzee mmoja ambaye alimtukana kwa Kijaluo. Alipofika mbele aliona miwa. Trela la miwa lilikuwa limepinduka mtaroni, dereva ameketi pembeni akiwa mzima, akipiga simu, na watu wanajichukulia.

"Chukua yako haraka, polisi wanakuja," kijana mmoja alimwambia, akimpa muwa.

Mokaya aliupokea. Alikuwa ameshapanda pikipiki alipogundua kwamba ameushika, akautupa.

Rongo, kwenye kona ya kuingia barabara ya Homa Bay, palikuwa na kijana wa kujaza upepo, jina lake Frankline limeandikwa kwa rangi kwenye tangi la kompresa.

"Umeona gari dogo, halina paa, la kijani? Mama mmoja anaendesha, mwingine mzee yuko kando."

"Kitanda?" Frankline alicheka. "Limepita, si muda. Wamama walisimama hapa, ndio waliniambia jina. Yule dereva aliniambia gurudumu la mbele kushoto limepungua upepo, gari linainama. Nikapima. Upepo uko sawa kabisa, mbele na nyuma. Nikamwambia, mama, gurudumu halina shida."

"Lilikuwa linainama?"

"Upande wa yule shosho. Nilimwambia ashuke nipime vizuri, akakataa. Akanitazama hivi, nikaogopa." Aliacha kucheka. "Kwani ni nini, mzee? Mzee?"

*

Aliwakuta baada ya Rodi Kopany, pale barabara inapoanza kuteremka na ziwa kuonekana kwa mbali. Gari lilikuwa limeegeshwa nje ya lami, kwenye nyasi. Nyanchama alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Truphena alikuwa ameketi katika kiti chake, amejifunga leso kichwani, bakora magotini, uso kuelekea ziwani. Alikuwa ameinama upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mokaya alizima pikipiki. Akasimama kidogo akishika usukani.

"Baba Lynnet?" Nyanchama alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Umefuata nini huku?"

"Kwa nini mmesimama?"

"Ni mama. Tangu Suna kulikuwa na kitu kinalia chini yake kama kifaranga. Hapo juu kikanyamaza. Akaniambia simama. Anasema kifaranga kikilia kiko hai, kikinyamaza nenda ukaangalie. Nimeangalia, sijaona kitu. Nilikuwa nataka tuendelee."

Mokaya alilala chali kwenye nyasi akaingiza kichwa chini ya gari.

Ncha ya kushoto ya upau ilikuwa wazi kabisa. Imeshuka kiasi cha vidole vitatu, na pale ilipotoka palikuwa pasafi kama kwenye kigoda. Ncha ya kulia ilikuwa bado juu. Mstari mwembamba wa ufa ulikuwa umeizunguka pande tatu, rangi ya kijani imepasuka juu yake. Upande wa nne ulishikilia uzito wote. Lori lilipita barabarani, gari likatikisika, na chembe ya rangi ikamwangukia jichoni.

Alitoka taratibu.

"Mwambie mama asisogee," alisema. "Asikanyage chini. Asiegemee bakora."

"Mama, usisogee," Nyanchama alisema, sauti imepanda. "Usikanyage chini."

Truphena hakugeuza kichwa. "Nimesikia. Muulize kwa nini."

"Anauliza kwa nini."

"Mwambie upau wa kiti umeachia upande mmoja. Upande wa pili unaachia."

Truphena alisikia kila neno kabla bintiye hajarudia. Mikono yake ilikaza bakora. "Muulize jeki iko wapi."

Jeki ilikuwa Suna, juu ya benchi. Mokaya aliiona akilini mwake, nyekundu, kando ya chupa ya mafuta. Nyanchama alitazama uso wake na hakuuliza kwa niaba ya mama.

Mokaya aliondoa gurudumu la akiba nyuma ya gari, akalisukuma chini ya kiti. Lililala pale, na kati yake na upau kukabaki nafasi ya kiganja kizima. Alitafuta mawe. Udongo wa pale ni mweusi, mlaini, alipata mawili tu, ya mviringo, na yalipokaa juu ya gurudumu yaliteleza. Anguko lilikuwa fupi zaidi sasa. Lilikuwa bado anguko, kwa nyonga iliyofungwa kwa skrubu.

Nyanchama aliingia upande wa dereva, akamshika mama yake mabegani, akajaribu kumvuta. Truphena, kwa mazoea ya mwili, alikanyaga kibao cha miguu kilichoshikana na upau ili kumsaidia. Chini yao kitu kililia, sauti moja, fupi.

"Acha!" Mokaya alipiga kelele. "Asikanyage!"

Kwa mbali mtu alikuwa anaita ng'ombe.

"Nitasimamisha gari," Nyanchama alisema, akianza kulia. "Nitaomba watu wamshushe."

"Watu gani?" Truphena aliuliza. "Makanga?"

"Mama, wewe!"

"Mwambie mumeo aende akatafute jeki Rodi. Nitakaa. Nimekaa hospitali mwezi mzima, hapa sitashindwa."

"Mwambie," Mokaya alisema, "hakuna wakati huo. Lori moja likipita tena karibu…" Alikuwa amesimama upande wa wazi wa kiti, ule alioupima mwenyewe ili mtu aingie na kutoka bila kuguswa. Alifungua mnyororo. "Mwambie lazima ainuliwe moja kwa moja juu, mgongo na mapaja, bila kukanyaga. Wewe huwezi. Mwambie nitamwinua mimi."

Nyanchama hakuwa na namna ya kulisema neno hilo kwa mama yake.

"Mwambie asimame hapo alipo," Truphena alisema.

"Mama, anakusikia. Yuko hapo."

"Najua yuko hapo. Mwambie."

Kutoka juu, upande wa Rodi, walilisikia kabla ya kuliona: lori lingine, tupu, bodi ya chuma ikigonga kwa kila shimo. Mokaya alisikia mngurumo kwenye nyayo zake. Aliwaza kulisimamisha na akajua halitasimama kwa mteremko ule. Alitazama mstari wa kijani chini ya kiti, kisha kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mama mkwe wake usoni. Macho yalikuwa ya Nyanchama, yaliyozeeka. Yalikuwa yanaogopa kama yake.

Truphena aliitupa bakora kwenye nyasi.

"Mokaya," alisema. "Shika."

Mokaya alipiga goti moja chini, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja. Truphena alikuwa mwepesi kuliko Mokaya alivyodhani, mifupa na leso na harufu ya sabuni. Mama alifunga mikono shingoni kwa mkwewe, akafumba macho. Mokaya alimwinua moja kwa moja juu, jinsi mtu anavyonyanyua kioo, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Lori lilipita. Gari likatikisika, kiti kikacheza peke yake, hakikuanguka. Alimketisha kwenye nyasi mbali na barabara, Nyanchama akatandika kanga baada ya mama kuwa ameshaketi, kwa kuchelewa.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mokaya alirudi garini. Alivuta gurudumu la akiba likatoka. Aliweka mguu mmoja juu ya kiti, bila nguvu, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja. Kilishuka chote, upau na ngozi na kiti, kikagonga ardhi. Nyanchama alipiga yowe ingawa alikuwa anatazama.

"Niletee nione," Truphena alisema.

Nyanchama aliinuka.

"Sijakwambia wewe."

Mokaya aliuvunja upau kutoka kwenye kiti kwa nyundo, pigo moja, akaubeba hadi pale. Aliinama, akaunyoosha kwake kwa mikono miwili. Truphena aliupokea. Alipitisha kidole gumba juu ya ncha, mahali pa kijani palipong'arishwa, penye ulaini wa kikombe. Akaugeuza, akapitisha kidole upande wa ndani, pasafi, pasipo alama ya moto.

"Vingine vya hili gari viko hivi?"

"Hapana, mama. Vingine nilivivunja kwanza nikaona. Huu sikuuvunja."

"Lakini huu ndio mzuri kuliko vyote."

"Ndiyo, mama."

"Uliusugua kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Aliuweka upau kwenye nyasi kando yake. Alitazama gari, shimo lililo mahali pa kiti chake, na barabara inayoteremka kuelekea Homa Bay.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi usinisugulie kitu tena."

Simu ya Nyanchama iliita ndani ya mkoba, nyuma ya gari. Iliita hadi ikakatika, ikaanza tena. Truphena aliokota bakora, akaisimamisha ardhini, akajaribu kuinuka nayo peke yake, akashindwa. Kisha akanyoosha mkono wa pili. Nyanchama ndiye aliyekuwa karibu zaidi, naye hakusogea.

Mokaya akaushika.